Kamina, Bandari Isiyo na Maji



Siku zilizopita mmoja wetu aliye Ulaya alituwekea picha za siku moja aliyotembea kwa mguu katika mji wa Málaga, pwani ya Uhispania. Ngome ya zamani juu ya kilima, kanisa kubwa, mitaa myembamba, na mbele bahari. Chini ya zile picha mwanachama mmoja akaandika: "Na sisi huku Kamina, tutatembea tuone nini?" Wengi walicheka. Lakini lile ni swali la historia, na swali la historia linaombwa jibu, si kicheko.

Basi nilichukua siku moja ya mwezi wa Juni, wakati mvua imekwisha na asubuhi kuna baridi ya kutia mikono mfukoni, nikatembea Kamina vile mgeni anavyotembea Málaga: bila haraka, bila kazi ya kufanya, nikisimama kila fasi. Nilikwenda na mdogo wangu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Yeye hakuona faida. "Yaya," akaniambia, "mu Kamina hakuna kitu ya kuona. Batu bote banapitaka tu."

Watu wote wanapita tu. Hebu tulishike neno hilo, maana ndani yake ndimo jibu lilimo.

Kwanza tuseme kidogo juu ya Málaga yenyewe. Kwa nini mji ule una vitu vingi vya kuona? Kwa sababu watu walipita. Wafoinike walifika na majahazi yao, wakaweka makao ya biashara. Wakafuata Waroma, wakajenga uwanja wa michezo ya kuigiza. Wakafuata Waislamu, na ngome ile ya Alcazaba kwa sehemu kubwa ni kazi yao ya karne ya 11. Kisha Wakristo wakajenga kanisa kubwa kuanzia mwaka 1528. Kila aliyepita aliacha kitu, na wenyeji wakakichunga. Huo ndio ufundi wa mji wa bahari: wageni hawaishi, na wenyeji wanajifunza kuhesabu kile ambacho kila mgeni ameacha.

Sisi hatuna bahari. Kamina iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, katikati ya bara, na mtoto wa hapa anaweza kuzeeka bila kuona maji yasiyo na ng'ambo. Lakini nilipofika mahali petu pa kuanzia, pale tunapopaita "la gare", nilimwambia mdogo wangu: simama hapa, uangalie reli zinakwenda wapi.

Reli ya kusini inakwenda Tenke na Lubumbashi, kisha Sakania, inaingia Zambia, inashuka mpaka bandari za Bahari ya Hindi kama Beira. Pale Tenke kuna tawi linalokwenda Dilolo, linavuka Angola mpaka Lobito, kwenye Bahari ya Atlantiki. Reli hiyo ilikutana na yetu mwaka 1931. Reli ya kaskazini-magharibi inapita Mwene-Ditu na Kananga mpaka Ilebo, na pale zamani mizigo ilipanda mashua za mto Kasai mpaka Kinshasa, ikapanda treni tena mpaka Matadi: Atlantiki tena. Reli ya kaskazini inakwenda Kabongo na Kabalo, halafu Kalemie. Ukivuka ziwa la Tanganyika unafika Kigoma, na toka Kigoma treni inakwenda mpaka Dar es Salaam: Bahari ya Hindi tena.

Angalia vizuri basi. Reli zote zinazokutana hapa zilikuwa zinatafuta bahari. Kamina ni bandari. Ni maji tu ndiyo hayapo.

Na haikuwa bahati. Mwaka 1906 Wabelgiji na washirika wao waliunda kampuni tatu kubwa: Union Minière kwa ajili ya shaba ya Katanga, Forminière kwa ajili ya almasi, na BCK kwa ajili ya reli. Treni ya kwanza ilifika Lubumbashi, zamani Élisabethville, mwaka 1910, lakini ilitoka kusini, kwa Waingereza. Shaba ya Kongo ilikuwa inatoka kwa mlango wa jirani, na jirani ndiye aliyekula ushuru. Wabelgiji walitaka mlango wao wenyewe. Reli ikasukumwa mpaka Bukama, ikafika 1918. Kisha kuanzia miaka ya 1920 ikajengwa ile njia ndefu ya kutoka Bukama mpaka Ilebo, wakati ule Port-Francqui, zaidi ya kilomita 1,100, ikafunguliwa mwaka 1928, mfalme Albert akaja mwenyewe. Mji wetu wa leo ni mtoto wa njia ile. Mwaka 1956 njia ya Kamina–Kabalo ikakamilika, na kwa sababu reli ya upande wa Kalemie ilikuwa nyembamba, mwaka mmoja mbele ilipanuliwa ili behewa moja liweze kupita pote. Hapo ndipo Kamina ilikuwa njia panda kamili.

Hayo ni mambo ya wakubwa na ramani zao. Lakini reli haikujengwa na ramani. Ilijengwa na watu waliolima tuta kwa jembe, waliobeba mataruma mabegani, waliochukuliwa vijijini kwa nguvu ya kodi na ya kapita. Majina ya wakurugenzi yaliwekwa kwenye miji. Port-Francqui ni jina la mtu wa benki. Majina ya waliobeba mataruma hayakuwekwa fasi yoyote.

Karibu na reli tulimkuta mzee mmoja amekaa kwenye jua la asubuhi, mshemino wa zamani, mwenye pensheni ya kungojea. Tukamwamkia, tukakaa naye. Nikamuuliza maisha ya kazi yalikuwaje. "Bana bangu," akasema, "siye hatukukuwa na saa ku mukono. Treni ya Ilebo kama inapiga filimbi, bibi anaweka mayi ku moto ya bukari. Mutaa yote ilikuwa inapika saa moja." Mdogo wangu akauliza, "Na leo, kambo, munajua saa namna gani?" Mzee akacheka. "Leo? Leo tunakula kama chakula iko."

Hapo kuna historia ya uchumi wa Kamina kuliko katika vitabu vingi. Kampuni ile imebadilisha jina mara nyingi: BCK, halafu KDL, halafu tangu 1974 SNCZ, na leo SNCC. Jina lilibadilika, mishahara ikachelewa, treni zikapungua. Mji uliojipanga kwa saa ya filimbi ukabaki bila saa.

Tuliacha reli, tukaingia mitaa ya ndani. Mtu anayejua kusoma anaweza kusoma ukoloni kwa miguu yake hapa. Unaanza na barabara pana, miti ya zamani, nyumba zilizo mbalimbali na viwanja vyake: huko walikaa wazungu. Unatembea, unavuka uwazi, halafu nyumba zinakaribiana, viwanja vinakuwa vidogo vya kipimo kimoja: hiyo ni sité. Miji yote ya Kongo ya Wabelgiji ilipangwa hivyo, mji wa mzungu upande huu, sité upande ule, na eneo tupu katikati. Walisema ni kwa ajili ya malaria. Lakini mbu haulizi rangi ya mtu. Eneo tupu lilikuwa la kutenga watu. Leo watoto wanachezea mpira juu ya uwazi kama ule na hawajui ni mpaka. Nilimweleza mdogo wangu, akasimama, akaangalia nyuma, akaangalia mbele, akasema tu: "Kumbe." Mtu akishasema "kumbe" katika mji aliozaliwa, ameanza kutembea kweli.

Saa sita tulifika soko. Tulikula bukari na sombe na samaki wakavu waliotoka upande wa maziwa ya Upemba, tukala kwa mkono, kwa mama mmoja anayepika kando ya njia. Na hapo tena nikaiona bahari. Unga wa bukari yetu ni mahindi na muhogo. Mahindi si ya Afrika, muhogo si wa Afrika. Vyote viwili vilitoka Amerika, vikavuka Atlantiki katika meli za Wareno kuanzia karne ya 16, vikaingia bara mkono kwa mkono, shamba kwa shamba, miaka mingi kabla mzungu hata mmoja hajafika kwetu. Sombe ni majani ya muhogo ule ule. Nyanya na pilipili kwenye mchuzi, nazo ni za Amerika. Hata karanga za yule mama wa pembeni. Meza tuliyowekea sahani, neno lake ni la Kireno, na Mhispania naye anasema karibu vile vile. Kapita aliyesimamia kazi ya reli, jina lake limetoka kwa Wareno pia. Mtu wa Málaga na mtu wa Kamina wakikaa kula mahindi na nyanya, wote wawili wanakula mabaki ya safari zile zile za meli. Sisi tumezoea kusema bukari ni chakula cha mababu. Ni kweli, lakini mababu walikuwa watu wa kupokea na kuchagua, si watu waliofungiwa.

Sokoni pia unasikia lugha. Muuzaji anaongea Kiluba na shangazi yake, anageuka anakuambia bei kwa Kiswahili, anamjibu mtu wa Kasai kwa Tshiluba, na akikasirika anaingia Kifaransa. Kiswahili hiki chetu wengi wanakicheka. Wanasema si safi, si kama cha Tanzania. Lakini tujue kilivyofika. Misafara ya biashara toka pwani ilikileta sehemu, lakini kazi kubwa ilifanywa na machimbo na reli. Mtu wa Kasai, mtu wa Maniema, mtu wa Rwanda, mtu wa Rhodesia na Mluba wa hapa walikutana kwenye kambi moja, wakahitaji lugha ya kuombana chumvi. Kwa hiyo kila neno la Kiswahili chetu lina jasho la mtu. Si Kiswahili kilichoharibika. Ni Kiswahili kilichofanya kazi.

Toka soko tukaenda upande wa misheni, nami nilimwahidi mdogo wangu kwamba hapo nitamwonyesha kitu ambacho Málaga haina. Akatafuta kwa macho. Kitu kile hakionekani, kinasikika.

Mwaka 1953 padri mmoja Mfransisko, Guido Haazen, alifika Kamina kufundisha. Alikuta watoto wa shule wanaimba namna mbili: darasani na kanisani waliimba za kizungu, na nje, kwenye vumbi, waliimba za kwao. Alianzisha kwaya ya watoto wa kati ya miaka 9 na 14, karibu 45, pamoja na walimu wachache na ngoma zao. Waliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Kwa pamoja wakatunga misa: maneno ni ya Kilatini, kama kanisa lilivyotaka wakati ule, lakini uimbaji ni wa hapa. Kyrie, yaani "Bwana utuhurumie", inafuata kasala, ule wimbo wa Kiluba wa kulilia wafu. Hawakuwa na nota kwenye karatasi; walitunga kwa kuimba. Tarehe 23 Machi 1958 misa hiyo iliimbwa katika misheni ya Saint-Bavon, hapa hapa Kamina. Jina lake ni Missa Luba.

Mwaka ule ule wa 1958 watoto hao walikwenda Ulaya, wakaimba Ubelgiji wakati wa maonyesho makubwa ya dunia ya Bruxelles, wakaimba Uholanzi na Ujerumani, wakaimba na kwaya maarufu ya watoto wa Vienna. Sahani yao ya muziki ilizunguka dunia, na sauti ya pekee unayoisikia humo ni ya Joachim Ngoi. Mwaka 1968 filamu ya Kiingereza iitwayo If.... ilitumia Sanctus yao, na mwaka uliofuata filamu hiyo ikapata zawadi kubwa ya Cannes. Fikirini hesabu hii: Mtaguso wa Vatikano ulifungua mlango wa lugha za watu katika liturjia mwaka 1963. Misa ya namna ya Zaire ilikubaliwa na Roma mwaka 1988. Watoto wa Kamina walikuwa wameshaimba tangu 1958.

Mdogo wangu hakuwa amesikia habari hiyo hata siku moja. Nilimpigia Sanctus kwenye simu tukiwa tumesimama pale chini ya mti. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bapige tena." Tukasikiliza mara tatu. Mama mmoja aliyepita na beseni kichwani alisimama naye, akatikisa kichwa, akaendelea na njia yake akifuata ngoma kwa midomo.

Jioni ilipokaribia tulisikia ndege. Kituo cha ndege za jeshi, ile tunaita Base, kiko nje ya mji, si mahali pa kwenda kwa mguu wa kupumzika, lakini huwezi kuandika Kamina bila kukitaja. Wabelgiji walikijenga baada ya vita vya pili vya dunia, kikubwa kupita mahitaji ya mji wowote wa hapa, kwa sababu waliogopa vita ya tatu Ulaya na walitaka mahali pa kukimbilia. Vita ile haikuja Ulaya. Ilikuja kwetu. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza Katanga kujitenga. Umoja wa Mataifa ukashika Base mwezi wa Agosti; mwaka uliofuata ndege moja ya Katanga ikaja kuishambulia. Mwisho wa Desemba 1962 askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia mjini, na Januari 1963 kujitenga kukaisha.

Halafu Novemba 1964. Wapiganaji wa Simba walikuwa wameshika Stanleyville, leo Kisangani, na wazungu wengi kama mateka. Makomando wa Ubelgiji walipanda ndege za Marekani, wakatua Uhispania, katika uwanja wa Morón, kutia mafuta, wakatua kisiwa cha Ascension katikati ya Atlantiki, wakatua Kamina. Tarehe 24 wakaruka kwa miavuli juu ya Stanleyville. Ndiyo, banduku: njia ya toka kusini mwa Uhispania mpaka kwetu ilishapimwa zamani, lakini hakuna aliyekuja kutembea. Dunia iliandika hesabu ya wageni waliookolewa na waliouawa. Wakongo waliokufa kwa maelfu katika uasi ule na katika kuuzima hawakupata hesabu kama hiyo. Mwaka 1978, wakati wa vita ya Kolwezi, makomando wa Ubelgiji walipita Base yetu tena. Wote walipita tu.

Na kuna kupita kwingine ambako sisi wenyewe hatupendi kukutaja. Tuliporudi upande wa reli, jua limeanza kuwa jekundu, nilimwambia mdogo wangu sehemu ya historia ambayo haimo katika nyimbo. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Si wageni. Wengi wao walizaliwa huku, baba zao waliletwa na reli ile ile kufanya kazi ya machimbo na ya treni, wengi walikuwa walimu wetu, waganga wetu, majirani waliotuazima kinu. Walingoja kwenye magare wiki nyingi, pamoja na watoto na magodoro, na wengine walikufa kwa njaa na magonjwa wakingojea. Mamia ya maelfu waliondoka. Treni za kwenda Mwene-Ditu hazina njia nyingine: zilipita hapa. Filimbi iliyokuwa inawaambia bamama waweke maji motoni ilikuwa inawachukua majirani.

Nilisita kuandika aya hiyo. Lakini mji unaojua kuonyesha kwaya yake ya 1958 na unaficha treni zake za 1992 haujaanza kuandika historia, unajipamba tu. Kule Málaga kanisa kubwa lina mnara mmoja. Wa pili haukumalizika tangu 1782 kazi iliposimama, na wenyeji hawakuficha upungufu huo. Wanaliita kanisa lao La Manquita, mama mwenye mkono mmoja, na wanalipenda hivyo. Sisi tunaweza kuupenda mji wetu pamoja na kile kilichokatika, ikiwa tutakitaja kwa jina.

Sasa mtu ataniuliza: kabla ya reli je? Hapa hapakuwa na kitu? Palikuwa na ufalme. Mji ni wa karne ya 20, lakini nchi ni ya Waluba, na Kasongo Niembo aliyekataa kuinama mbele ya serikali ya Wabelgiji alikamatwa mwaka 1917 akapelekwa uhamishoni Buta, mbali kabisa, reli yetu kubwa haijafika hapa. Na kabla yake kuna zamani zaidi. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walichimba makaburi kuanzia 1957 wakakuta watu waliozikwa na vyungu vizuri na vitu vya shaba. Mengine ni ya zamani kuliko ile ngome ya Málaga. Wakati Waislamu wa Málaga wanapanga mawe ya Alcazaba, watu wa Kisale walikuwa wanazika wakubwa wao kwa shaba ya Katanga.

Wazee wale walikuwa na namna yao ya kuandika. Inaitwa lukasa: kibao kidogo cha mti, chenye shanga na kauri. Mtu wa chama cha Mbudye, mwenye elimu ya kumbukumbu, alikishika mkononi, akapitisha kidole taratibu toka shanga hii mpaka shanga ile, na kila shanga ilikuwa mfalme, au ziwa, au safari, au vita. Alitembea nchi nzima kwa kidole. Shanga pasipo mtu wa kuisoma ni shanga tu, na leo vibao vingi vimo katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo, vimenyamaza nyuma ya kioo.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Kamina yetu ni lukasa iliyolazwa chini: gare ni shanga, uwazi wa sité ni shanga, misheni ni shanga, Base ni shanga. Vyote viko fasi yake. Kinachokwisha ni vidole. Watoto wa Missa Luba waliokuwa na miaka 9 mpaka 14 mwaka 1958, walio hai leo wana karibu miaka 80 au wamepita. Bashemino waliofungua njia ya Kabalo mwaka 1956 ni wazee zaidi. Kila msimu wa baridi tunazika wawili, watatu, tunatoa mchango wa matanga, tunasema hotuba nzuri, halafu tunarudi nyumbani na hakuna aliyeuliza mzee alipokuwa hai.

Sisi ni chama cha wasomi. Serikali ikijenga makumbusho tutashukuru, lakini kazi hii haingojei bajeti. Natoa mapendekezo matatu, tuyajadili hapa.

La kwanza: kila mwanachama aliye Kamina amtafute mzee mmoja, wa reli, wa kwaya, wa soko, mke au mume, amrekodi kwa simu saa moja tu, kwa lugha anayoipenda mwenyewe. Kiluba, Kiswahili chetu, Tshiluba, sawa tu. Tusimsahihishe mzee.

La pili: walio na picha za zamani katika sanduku za wazazi, za kambi, za shule, za harusi karibu na treni, wazipige picha tena na waandike nyuma nani ni nani, kabla yule anayewajua hajaondoka. Walio Kasai leo na waliosoma nasi hapa, nao waalikwe. Kumbukumbu zao ni za mji huu.

La tatu: tuandike karatasi moja, ya kurasa mbili, yenye njia ya kutembea Kamina kwa mguu toka gare mpaka misheni kupitia soko, tuipe shule za Dimayi, Sobongo na Kamina. Mwalimu anaweza kuwapitisha watoto asubuhi moja bila gharama yoyote.

Mdogo wangu ameshaanza. Juzi alirudi kwa yule mzee wa jua la asubuhi, na kalamu na simu iliyojaa chaji. Mzee alimuuliza swali moja tu kabla ya kukubali: "Utaandika na majina ya benye walikufa mu kazi?" Akajibu ndiyo. Wakaanza, na mpaka sasa wamefika majina 11.

Nangojea majibu yenu, na majina.